Chipu Isiyo na Namba

Marehemu hasemwi kwa ubaya, ndivyo tulivyolelewa. Mimi nitamsema, Mungu anisamehe, maana niliishi naye ukuta kwa ukuta hapa Ngamiani miaka kumi na moja.

Mwinyijuma alikuwa fundi wa kompyuta, na fundi kwelikweli, simnyimi haki yake. Mashine zilimjia toka Pangani mpaka Horohoro. Lakini alikuwa mchoyo wa ujuzi. Kila alipobadilisha chipu, kabla hajafunga kasha, alichukua kipande cha msasa akaisugua mgongoni mpaka namba yake ikafutika. Chipu isiyo na namba haina jina. Fundi mwingine akilifungua kasha hajui ni ya aina gani wala anunue ipi, na mteja hana budi kurudi kwa yule wa kwanza. Mafundi wengi mtaani kwetu wana tabia hiyo, ila yeye alifanya hivyo hata nyumbani, mbele ya mkewe Mastura aliyekuwa akimmulikia. Akisoma namba alimgeuzia bega. "Shika tochi" ndiyo elimu pekee aliyompa, na vyombo vyake alimkataza waziwazi asiviguse.

Akafa mwezi wa Rajabu, kwa presha. Mastura akakaa eda, miezi minne na siku kumi, havuki kizingiti. Arobaini haijafika, shemeji yake Ibrahimu, kaka wa marehemu, akaja kuketi ukumbini akazungumza na pazia la chumba. Duka litarudishwa kwa mwenye nyumba, alisema, na vyombo viuzwe, maana mwanamke hawezi kazi ile. Akitoka eda, Mastura ataenda kukaa kwa mama yake Kigombe na wanawe wawili.

"Nimesikia, shemeji," Mastura akajibu. Mimi nilikuwa ndani nimemshika mkono. Alilitaka lile duka kuliko kitu chochote duniani, na hakuwa na hoja hata moja ya kumpa mwanamume yule.

Hoja ililetwa na Devota, binti wa Maramba mwenye chumba cha kuchapa na kutoa fotokopi. Alikuta duka limefungwa, akaelekezwa nyumbani. Mkononi alibeba pawa saplai ya kompyuta yake, lile kasha la chuma linaloipa mashine umeme.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba. Hii marehemu alinitengenezea mwaka juzi, sasa imekufa tena. Mafundi wawili wameifungua wakashindwa, wanasema chipu kubwa haina namba."

"Marahaba," nikamwitikia. "Fundi ndiyo hayupo tena, mwanangu."

Pazia likatikisika. "Dada Hafsa, ipokee," Mastura akasema toka ndani. "Mwambie arudi baada ya wiki."

Nilimwonya kwamba vyombo vile alikatazwa, asije mtu akaniambia sikumwonya. Kisha nikaenda dukani nikamletea mita ya kupimia umeme na pasi ya kuchomelea, nimezifunika kanga ndani ya kapu kama mwizi.

Alifanya kazi asubuhi, watoto wakiwa shule, kwa yale aliyoyaona miaka yote akimmulikia marehemu. Waya wa zambarau ulitoa volti tano, kwa hiyo kasha halikufa lote. Akagusanisha wa kijani na mweusi, ndivyo linavyowashwa nje ya kompyuta. Feni ikashtuka, ikasimama. Akapima kila kitu kilichoizunguka ile chipu, akakuta vyote vizima. Ikabaki yenyewe, miguu kumi na sita na mgongo mweupe kwa kusuguliwa.

Hapo Mastura alilia, na hakikuwa kilio cha msiba. "Miye nilimmulikia siku aliyoisugua hii," akasema. "Hasira zangu nizipeleke wapi, dada Hafsa? Makaburini?"

Alipomaliza kulia aliacha kutafuta jina, akatafuta kazi. Chipu haina namba lakini ina miguu, na kila mguu unakwenda mahali. Alizima umeme, akafuata njia za shaba kwa mita, mguu kwa mguu. Huu unapokea waya wa kijani, wa amri ya kuwaka. Huu unakwenda kwenye wa kijivu, unaoiambia kompyuta kwamba umeme uko sawa. Hii inakagua volti, hii miwili inasukuma transista, zile swichi za umeme. Yote akayachora kwenye karatasi.

Kisha nikambebea pawa saplai mbovu nane toka stoo ya duka, ambazo marehemu hakuwahi kuzifungua. Sita za kwanza, chipu zake zilikwenda njia nyingine kabisa. Ya saba ilifuata mchoro, na mgongoni namba ilisomeka. Hakuiamini mpaka alipoitafuta kwenye simu akapata ramani ya miguu yake, ikalingana yote kumi na sita. Ilikuwa siku ya tano. Akaing'oa, akaipachika kwenye kasha la Devota, na feni ikazunguka bila kusimama.

Devota hakukaa kimya, akalitangaza jambo kila alipopita. Haikupita wiki Ibrahimu akarudi ukumbini.

"Nasikia umetengeneza mashine, shemeji. Nani alokufundisha?"

Hakungoja jibu, akaendelea.

"Maana kama ulikuwa ukiiba kazi yake kwa macho, naye alishakukataza, hilo ni kumwasi mumeo, na vyombo vyake siwezi kukuachia. Lakini kama alikufundisha kwa ridhaa yake, huo ni wasia. Miye sivunji wasia wa ndugu yangu. Duka litakuwa lako."

Ulimi uliniwasha nimjibu mimi. Mastura akanibana goti. Alikuwa anaitazama karatasi yake, ile aliyoichora mguu kwa mguu.

"Alinifundisha, shemeji," akasema.

"Basi tumwombee. Alikuwa mtu mkarimu." Ibrahimu akaanza kuomba dua, na Mastura, nyuma ya pazia, akainua mikono yake akaitikia amina.