Mguu wa Kulia wa Babu

Juzi nilikwenda Hail, mtaa wetu wa zamani hapa Maskati, kumzuru jamaa, nikakuta kiwanja cha mchanga kilichokuwa mbele ya nyumba yetu ya zamani kimejengwa maduka. Nilizima gari nikalia, mwenzangu, na utu uzima wangu huu.

Hapo ndipo babu alipotufundisha miruko mitatu. Ujanani, kabla ya kuhamia Maskati, aliiwakilisha Unguja kwa miruko hiyo katika mashindano ya nchi za nje. Kila alasiri tulisawazisha mchanga kwa reki huku jikoni kunanukia mkate wa ufuta, naye, kanzu kaifunga kiunoni na kitambi mbele, akatuonyesha: mguu mmoja mara mbili, wa pili mara moja, kisha unajitupa.

Mama yake babu, tuliyemwita Bi Mkubwa, alikuwa hai bado. Kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa alisimuliwa jinsi wazungu walivyomdhulumu mwanawe medali.

Ukweli babu aliniambia mimi peke yangu. Alizoea kuanza mbio kwa mguu wa kushoto. Siku ya kuagana, mama yake alimuusia aanze kwa wa kulia, kama tunavyoingia msikitini, kwani jambo la kheri huanzwa kwa upande wa kulia. Kwenye mruko wa mwisho akamtii. Hesabu ya hatua ikaharibika, akakanyaga ng'ambo ya ubao wa kurukia, bendera nyekundu ya kosa ikainuliwa. Akanisihi nisimwambie mtu.

Ulimi hauna mfupa. Siku moja Bi Mkubwa alikuwa akiwalaani wazungu mbele ya wageni, nami nikataka nionekane najua zaidi. Nikasema yote. Bi Mkubwa aliweka kikombe chini. Wageni walipoondoka alimwita babu.

"Kwani n'mimi, mwanangu?"

"La, mama. Niliteleza tu. Huyu mtoto hajui asemalo."

"Basi n'samehe."

Babu alimbusu mkono, akaapa kwamba aliteleza. Bi Mkubwa hakuamini. Tangu hapo hakuisimulia tena habari ile, na mgeni akiuliza, alijibu kwamba kasahau. Hakuufikia mwezi wa Ramadhani uliofuata.

Babu hakunigombeza hata siku moja. Kesho yake alasiri alinipa reki kama kawaida. Nami nilingoja anigombeze, nipate pa kuanzia kuomba radhi. Nikangoja hadi nikaolewa, hadi nikazaa, hadi tukamzika.