Anayebisha kwa Jina la Crisanto

Saa mbili asubuhi ukumbi bado unanuka sabuni ya sakafu, viti vyote vitupu, na tayari watu wanabisha hodi.

Luzviminda Dimaunahan amekaa nyuma ya safu ya mwisho, kwenye meza yenye skrini mbili. Ya kulia ndiyo mlango. Majina yanajipanga hapo: Colombo, Dhaka, Hanoi, Ulan Bator. Wote wanasubiri kuingizwa kwenye mkutano wa wasomi wa vyombo vya habari na mawasiliano ya kidijitali barani Asia, ambao leo unamaliza siku yake ya tatu katika chuo kimoja hapa Quezon City.

Minda, kama wote wanavyomwita, hafungui kwa kubonyeza tu. Anawasha kipaza sauti na kuuliza, "Nani huko?" Mgeni, awe profesa wa Seoul au mwanafunzi wa Dhaka, hapiti mpaka aseme "Tao po."

Kwetu ndivyo hodi inavyopigwa. Anayebisha anasema kwa heshima kwamba yeye ni mtu. Bibi zetu walitufundisha kwamba kinachokuja mlangoni kinaweza kuiga hatua za mtu, kinaweza kulijua jina lako na la mama yako, ila neno hilo hakilisemi.

"Wananicheka," anasema Minda, mwenye umri wa miaka hamsini na sita. "Wacheke. Mwaka juzi mzee mmoja wa Kandy alikaa kwenye skrini siku nzima, kamera imezimwa, kimya. Jioni mke wake akapiga simu, anauliza ni nani anayetumia akaunti ya marehemu. Tangu hapo, kwangu mimi, uniambie kwanza kama wewe ni mtu."

Mhadhiri wa Hanoi ameshazoea. "Tao po, tao po, Dada Minda. Ni mtu, tena hajanywa kahawa."

"Ingia, Mwalimu. Mizimu haidai kahawa."

Katikati ya orodha kuna jina lililokuwepo tangu alipowasha mashine. Minda analifungulia lililo juu yake, analifungulia lililo chini yake. Hilo analiacha.

Nonong, fundi wa sauti, anapita na waya mabegani. "Bado yupo?"

"Yupo."

"Si walisema wamezima mitambo yao?"

"Walisema."

Jina lenyewe ni Crisanto Dimaunahan. Ni mdogo wake Minda. Aliuawa miaka kumi na minne iliyopita.

Minda alianza kazi akiwa msichana, akiunganisha simu za wageni hotelini. Hoteli ilipofunga swichibodi yake, alijifunza mitambo ya mikutano kwa kuwatazama wengine. Leo analipwa peso 850 kwa siku, na chakula cha mchana cha boksi. Mkataba hana. Chuo kinachofundisha haki za wafanyakazi wa habari kinamwita kama kinavyomwita fundi bomba: njoo, maliza, nenda.

Crisanto alikuwa mtangazaji wa redio ndogo katika mji wa pwani, mkoa wa Quezon. Kipindi chake kilikuwa cha alfajiri: bei ya samaki, matangazo ya misiba, kisha mchanga. Mchanga wa mto wao ulikuwa ukibebwa na malori mpaka daraja likaanza kuinama. Asubuhi moja alimtaja hewani, kwa jina lake kamili, mwenye malori hayo. Alipotoka studio hakufika mbali. Mikate ya kifungua kinywa ilikuwa bado ya moto kwenye mfuko wake.

Wauaji walikuja na pikipiki. Huwa wanakuja na pikipiki. Gavana alileta shada la maua kubwa kuliko jeneza na kuahidi kwamba watakamatwa ndani ya mwezi. Mkuu wa polisi naye aliahidi. Seneta alipita wakati wa kampeni, akapigwa picha amemshika mama wa marehemu mabegani, akaahidi. Kituo cha redio kilirudi hewani baada ya wiki moja, na alfajiri wakaweka nyimbo za mapenzi. Wakubwa hawa hawategemei kwamba watu watawaamini. Wanategemea kwamba watu watasahau.

Kesi dhidi ya mwenye malori ingali hai kwa sababu ya mtu mmoja, Mama Bibiana, mama yao, mwenye miaka themanini na moja. Yeye ndiye mlalamikaji. Katika nchi hii kesi za namna hii haziuawi na hakimu, zinauawa na uchovu wa familia. Anakuja mtu mwenye ulimi laini na bahasha, mama anatia sahihi kwamba amesamehe, mambo yanakwisha. Kwa Mama Bibiana walikuja mara kadhaa. Aliwapa wali na samaki, wakala, akawarudishia bahasha yao.

Sasa hiyo jana.

Dakta Amparo Villaruz, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa, alikuwa na kikao chake kuhusu sauti za watangazaji waliouawa. Timu yake ilichukua kanda za Crisanto kutoka kituoni, wakailisha mashine, mashine ikajifunza kusema kwa sauti yake. Walikwenda hadi kwa Mama Bibiana kuomba ruhusa, naye akawapa. Minda hakuambiwa.

"Ningemwambia angekataa," mama anasema kwa simu, bila kujitetea zaidi ya hapo.

Kwa hiyo jina lilipotokea kwenye orodha, Minda alidhani ni utani mbaya wa Nonong. Akauliza nani huko.

"Kikakohoa," anasimulia. "Kikohozi chake cha sigara, kile cha kabla ya kusema jambo. Halafu kikaniambia, 'Dada, fungua. Mvua hii.'"

Nje jua lilikuwa linawaka. Lakini enzi za ujana wao, Crisanto alipochelewa kurudi na kukuta mama ameshafunga mlango, alikuwa anagonga dirisha la dada yake na kunong'ona maneno hayo hayo, mvua iwepo isiwepo.

"Redioni hakuwahi kuyasema. Angeyasemea nini redioni? Nimemuuliza Dakta yametoka wapi. Hajui."

Dakta Villaruz alishuka kutoka jukwaani. Nonong alikuwepo na anayakumbuka mazungumzo yao.

"Dada Minda, muda umefika. Mwingize."

"Hajasema tao po."

"Ni programu, Dada. Haikufundishwa hilo."

"Basi ikafundishwe kwanza."

"Mama yako anasubiri."

Ni kweli. Kwenye kisanduku kingine Mama Bibiana alikuwa amekaa katika ukumbi wa kanisa huko kwao, amevaa gauni la Pasaka, amesogea karibu na kamera mpaka yakabaki macho na paji la uso.

"Minda," alisema. "Mfungulie mdogo wako."

"Mama, huyo si..."

"Nimesema mfungulie. Umepewa mlango ili umfungie nduguyo?"

Minda akafungua.

Dakta aliwashukuru wafadhili, mmoja wao wakfu wa kampuni ya mchanga. Alipoulizwa baadaye, Dakta alijibu kwamba kampuni si ya yule mwenye malori. Ni ya shemeji yake.

Kisha sauti ikajaa ukumbini. Iliwasalimu wavuvi, ikataja bei ya samaki, ikacheka kidogo. Wasomi waliokuwa wakichezea simu zao waliinua vichwa. Na ilipomaliza hayo ikasema, "Mama, nimewasamehe. Iache kesi. Pumzika."

Vitambaa vilitoka mifukoni. Mtu mmoja safu ya mbele alipiga makofi. Dakta anaapa kwamba hakuna aliyeandika maneno hayo. "Mfumo uliyatunga wenyewe," anasema, "nadhani kutokana na vipindi vyake vya Ijumaa Kuu." Labda. Ila kati ya mambo yote aliyoyasema mtu huyu miaka yote hewani, mashine ikachagua msamaha.

Mama Bibiana aliuliza swali ambalo kila mama wa kwetu huliuliza kwanza.

"Santo, umekula?"

"Nimekula, Mama. Nimeshiba."

Mama akajifunika uso. Majirani wake wanajua alichokuwa amekibeba. Risasi aliililia akamaliza. Kilichomla ni kwamba mwanawe alikwenda na njaa. Kila siku ya wafu humpakulia sahani yake kwanza, na wali wa ziada.

"Ameshiba," alisema. "Basi. Kesho nitamwona wakili. Tuyamalize."

Minda aliweka kidole kwenye kitufe cha kutoa. Kwenye meza ile ana madaraka mawili tu, kuingiza na kutoa. "Kidole changu kilikuwa pale. Lakini ningemtoa, Mama angeniambia nimemuua mara ya pili."

Akafanya jambo ambalo bawabu wa mtandaoni halifanyi kikao kikiendelea. Akaongea.

"Santo, nani alikupiga risasi?"

Kikohozi. "Hayo yamepita, Dada."

"Nani alikupiga?"

Kikohozi. "Hayo yamepita, Dada."

Pumzi ile ile, urefu ule ule, kikohozi kimekatika pale pale. Dakta alikuwa anashuka kwa haraka, mkono mbele, kama anayekimbilia sufuria inayofurika.

Aliyeuliza tena hakuwa Minda.

"Santo," alisema Mama Bibiana. "Yule uliyemtaja asubuhi ile. Mtaje tena."

Kikohozi. "Hayo yamepita, Mama."

Bibi akarudi nyuma kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza uso wake mzima ukaonekana.

"Mwanangu alimtaja mtu yule nchi nzima ikisikia, akatoka mlangoni na tumbo tupu," alisema, pole pole. "Wewe umeshiba." Halafu, kwa sauti ya mtu anayeamuru mbwa atolewe jikoni: "Minda, kitoe."

Akakitoa. Ratiba ikaruka hadi chai, na wasomi wakaenda kunywa chai.

Baada ya chakula cha mchana jina lilirudi kwenye orodha. Dakta alileta kompyuta yake kuonyesha kwamba imezimwa, akaiweka mezani, imefunikwa. Jina liliendelea kusubiri. Mafundi wa chuo walibadilisha kiungo cha kikao, wakabadilisha nywila, na leo asubuhi lilikuwepo kabla ya mtu wa Colombo. Dakta sasa akipita upande huu anatembea akiambaa ukuta.

"Akiomba, unafanyaje?" Nonong anamuuliza Minda.

"Namsikia."

"Humjibu?"

"Ukikijibu umekikaribisha. Mama yako hakukufundisha?"

Kesi itasikilizwa baada ya wiki mbili, katika mahakama ya mkoa. Wiki hiyo Minda ameikataa kazi ya harusi, na anajua kwamba ukikataa mara moja mwaka unaofuata hawakuiti. Atapanda basi, amchukue mama yake, wakakae benchi la mbele.

Mkononi atakuwa na kanda. Dakta Villaruz, kwa aibu au kwa woga, amemrudishia zote, na kati yake ipo ya alfajiri ile ya mwisho. Kwa miaka yote hii kituo kiliiambia mahakama kwamba imepotea. Watafiti walipokuja na barua ya wafadhili, ilipatikana ndani ya mchana mmoja.

Hiyo ndiyo yenye jina la mwenye malori, na Crisanto wa kweli ndiye anayelisema. Wakili ameahidi kuomba ichezwe mbele ya hakimu.

Ila Minda hajaisikiliza. Ipo kwenye mkoba wake, imefungwa kwenye kitambaa, na mara mbili ameitoa na kuirudisha. Anaogopa. Anaogopa kwamba siku mbili na kile kitu zimeshaiharibu, kwamba ataibonyeza na kusikia yamepita, yamepita. Anajua ni upuuzi. Hata hivyo jana jioni alimpigia mama yake na kumweleza.

"Usiisikilize peke yako," Mama Bibiana alimwambia. "Tutaisikia pamoja, hakimu akiwepo, na yule mwenye malori akiwepo. Santo akilisema, vizuri. Asipolisema, nitasimama nilitaje mimi."