Stelingi Hurudi na Sura Nyingine

Kila mchana, kabla watu hawajaanza kujaa, tajiri wangu alinifungia ndani ya banda lake la video na kanda mpya niitazame peke yangu. Kazi hiyo aliiita kuonja chumvi. Nikimaliza nilitoka na chaki, nikaandika kwenye ubao wa mlangoni maneno machache ya kusema picha ile ikoje. Ndivyo nilivyoishi mjini Mbinga miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye duka akatafuta kitu kigeni cha kuuza. Tajiri wangu, mtu wa Kilwa aliyekuja na vitenge, alileta televisheni, deki na jenereta.

Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Kuandika nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari, ndiyo maana mpaka leo naishika sentensi kwa woga, kama sahani ya kuazima. Ubao ule niliufuta na kuuandika upya mpaka vidole vikawa vyeupe. “Ngumi nyingi, sababu hakuna.” “Wanaimba vizuri kuliko wanavyopendana.” “Adui ndiye pekee mwenye akili.” “Mvua inanyesha vizuri, mengine usisumbuke.” Kisha nilisimama nikijiuliza kama “usisumbuke” ni ukali mno, na watu wakipita bila kusoma.

Wao walitaka kujua jambo moja tu. Wakulima waliokuja mjini kuwauzia kahawa wanunuzi wapya walisimama mlangoni wakauliza, “Mwalimu, stelingi anakufa?” Stelingi ni yule mkuu wa picha, anayepambana na adui. Akifa, mtu huona kiingilio chake kimepotea. Basi nikaanza kumalizia kila ubao kwa neno moja: anapona, au anakufa. Siku za anakufa banda lilikuwa nusu tupu, na tajiri alinung'unika kwamba aliomba mfanyakazi, Mungu akampa kadhi. Sikubadilisha. Uongo mmoja pale ubaoni ungeninyima usingizi.

Dada yangu alikuwa ameolewa Liuli, ziwani. Tulipopata habari kwamba amelazwa, kifua kinamsumbua, mama alitangulia kwenda kumuuguza, nami nikafuata kwa lori la wachuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Nilimkuta dada amebaki macho na meno. Mama aliketi mkekani kando ya kitanda, akimenya mihogo ya wagonjwa wote wa wodi ile, kwa sababu hakuweza kukaa bure.

Nikasema nilichokuwa nacho. Niliwasimulia picha, moja kila mchana, kwa ufupi ule ule wa ubaoni. Dada alicheka mpaka akakohoa, na nilipotaka kuacha alinikataza. Mama alisikiliza bila kuinua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, na huko kote hakuwahi kukutana na neno stelingi. Mchana wa kwanza nilisema stelingi alipigwa risasi akafia darajani. Wa pili nikasema stelingi alimwoa binti wa hakimu.

Mama akaacha kumenya. “Huyo si ulisema amekufa?”

“Alikufa, mama.”

“Na leo ameoa?”

Nikafungua kinywa nimweleze kwamba stelingi si jina la mtu, kwamba kila picha ina wake. Dada akanishika mkono. Alimwambia mama kwa Kimatengo, polepole, kwamba Stelingi ndivyo alivyo, hufa akarudi na sura nyingine. Kisha akanigeukia mimi.

“Usimsahihishe,” alisema. “Angalau mmoja wetu humu anafurahia picha.”

Tangu hapo mama alimfuatilia Stelingi kama jamaa wa ukoo aliyehamia mbali. Aliuliza safari hii amerudi mnene au mwembamba, ana mke au bado anahangaika. Alinituma nimwambie asikaribie tena madaraja. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, na mimi nilicheka nao, lakini kosa lile lilinikera kama mchanga ndani ya ugali. Nilijichukia. Dada yangu alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, nami nilikereka na neno.

Shemeji alikuwa amekwenda kuvua, kwa hiyo daktari aliniita mimi. Alisema kwa upole kwamba hakuna dawa iliyobaki ya kujaribu. Niliporudi, mama alikuwa ananingoja barazani, mikono ameificha ndani ya kanga.

“Baba, wewe huijua picha kabla watu hawajaingia,” alisema. “Huyu dada yako, ndiye stelingi?”

Nilijua ubao wangu ungeishia na neno gani.

“Ndiye, mama.”

Akashusha pumzi, akaenda kupika uji.

Dada alifariki Jumapili asubuhi, uji ungali kwenye kikombe. Tulimzika kwa wakwe zake, kwenye udongo wa kichanga ambao ulikataa kushika umbo la kaburi. Kila tulipoupandisha uliteremka. Mama hakulia kwa sauti. Tulipokuwa tunangoja lori la kutupandisha Mbinga aliniuliza, sawasawa na alivyokuwa akiuliza wodini, atarudi na sura gani. Sikujua kama anauliza kweli au ananiadhibu. Mpaka leo sijui. Niliinama kutazama matairi ya lori kana kwamba yananihusu.

Niliporudi bandani nilikuta kanda ya ngumi tupu, ambayo stelingi wake anamaliza akiwa mzima, anacheka juu ya farasi. Nilitoka na chaki nikaandika: Stelingi anakufa. Harudi. Sikufuta hata herufi.

Tajiri alikuja akasoma, akaufuta ubao kwa mkono wa kanzu yake, akaandika mwenyewe, herufi zimelala upande: KALI SANA. Hakunigombeza. Alinipa pole ya msiba, akaenda kuwasha jenereta.

Mzee mmoja mwenye gunia tupu la kahawa begani aliutazama ubao, akanisogelea. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama stelingi anapona.

Nikamwambia anapona. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu. Akaingia.