Kijiti cha Kuhamia

Mlangoni pangu, hapa Butembo, pamesimama mti wa mtu nisiyemjua. Nimeishi naye tangu wakati wa vita. Wageni wakiusifu kwa majani yake marefu, nawashukuru na kubadilisha maneno, maana sitaki waniulize aliyeupanda.

Aliyeupanda ni mama yangu. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Lubiriha, ambao leo ni mpaka wa nchi mbili, kwenye vilima vya Bwera, akaolewa upande huu akiwa msichana. Watu wa Bwera na watu wetu walikuwa wanaoana kabla babu zetu hawajasikia neno mpaka. Lugha ni moja, maharagi ni yale yale, hata namna ya kukaripia mbuzi ni moja. Alizaa huku, akazeeka huku, akamzika baba yangu huku, kwenye migomba nyuma ya nyumba yetu ya Rughenda, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Hakuna aliyewahi kumwita mgeni mpaka vita ilipoleta wakubwa wapya mjini, na wakubwa wapya wakaleta daftari.

Wakasema kila aliyezaliwa ng'ambo ajiandikishe kwenye biro, yaani ofisi, ya wageni. Mama na baba walikuwa wamefunga ndoa kanisani tu, serikalini hawakuandikwa, kwa hiyo karatasi ya padri haikumsaidia kitu. Akapewa karte ya mgeni, yenye picha ambamo anafanana na mtu aliyeibiwa kuku. Nyuma yake walipiga muhuri wenye sheria: ukihama, una siku nane za kutangaza adresi mpya, na ukichelewa kuna adhabu. Wakati huo huo askari wa kutoka ng'ambo hiyo hiyo walikuwa wamejaa mjini, wanashuka na ndege Rughenda asubuhi na jioni, na hakuna aliyewauliza wanalala wapi. Nasema hivyo kwa sababu mpaka leo inaniudhi.

Kisha nyumba za karibu na uwanja zikatakiwa kwa ajili ya askari. Tulipewa mchana mmoja. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa pili wa mji, naishi peke yangu katika vyumba viwili, nikaenda kumchukua mama na watu wawili wenye chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukuma. Tulibeba godoro, sufuria, jembe na picha ya Bikira Maria. Mama alipotaka kuzunguka nyuma, kwenye migomba, askari alimzuia kwa mkono, bila kumsukuma, akasema huko hakupitwi tena.

Hapo lazima nieleze jambo letu. Kuna mti mwembamba ambao ukikata kijiti chake ukakichomeka ardhini kinaota bila kubembelezwa. Tunaupanda mahali pawili: kwenye mpaka wa shamba, na kwenye kaburi. Na katika ukoo wa mama, mjane hahami kabla ya kukata kijiti kwenye mti wa kaburi la mume wake na kukipanda mlangoni pa nyumba mpya, ili marehemu aione njia na kumfuata. Kijiti kikiwa bado hakijasimama, mjane bado anaishi kule. Anaweza kulala kwa binti yake, au kwa dada yake, au hospitalini, lakini ni mkaaji wa kule.

Siku ya tatu nilimwambia twende biro tukatangaze adresi. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua kichwa.

"Nikaandikishe nini?" akasema. "Bado sijahama. Baba yako iko bado kule."

Siku nane zikapita. Nilikwenda mara mbili kwenye kizuizi cha askari kuomba niingie nikate kijiti tu. Mara ya kwanza walinifukuza, mara ya pili walicheka, na kicheko kiliniuma zaidi. Wiki zikawa mwezi, na mwezi ukawa miezi mitatu. Ikasemekana kwamba watu wa biro wanapita nyumba kwa nyumba, na kwamba mgeni asiyekutwa kwenye adresi yake anarudishwa alikozaliwa. Mama aliogopa kitu kimoja tu duniani. Kando ya kaburi la baba palikuwa na nafasi, kati yake na mgomba wa mwisho, na nafasi hiyo ilikuwa yake. Aliichagua mwenyewe siku ya maziko, akaionyesha kwa kidole mbele ya watu. Akivushwa mto, angezikwa mbali na hapo.

Mimi nina hasira za karibu, na woga unazizidisha. Nilimgombeza. Nilimwambia marehemu hawasomi adresi. Nilimwambia hivyo mama yangu mjane, msalaba ukining'inia shingoni mwangu. Akaenda kukaa nje kwenye ukungu mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake, nikitoka shuleni, nilipita njia ya mteremko nyuma ya parokia. Kati ya mashamba mawili ya maharagi niliona miti yetu mitatu imesimama kwenye mstari. Nikajiambia huu ni mpaka wa shamba, na kijiti ni kijiti, hakiandikwi jina. Nikatoa wembe wangu wa kuchongea kalamu nikakata kimoja. Nyumbani nilimwambia mama kwamba nimempata askari mmoja mwenye huruma, ameniruhusu kuingia migombani.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alinusa pale kilipokatwa, akaniangalia, akanusa tena. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Kisha akachukua jembe, akakipanda kando ya mlango, akapiga magoti na kusema nacho kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Asubuhi nilimkuta amevaa kikwembe cha Jumapili.

"Twende basi," akasema.

Mtu wa biro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwandiko mzuri na mafua. Aliniruhusu nikae karibu na mama, akachukua karte, akauliza mama amehama siku gani.

"Jana," mama akasema.

Akafungua karatasi nyingine, orodha ya watu waliotolewa Rughenda. Jina la mama lilikuwamo.

"Mais mama, hapa banaandika ulitoka kule iko miezi tatu. Unasema jana?"

"Kutoka nilitoka ile siku. Kuhama nilihama jana."

Nilijaribu kuingilia. Nikasema mama ni mzee, amechanganya siku, aandikiwe miezi mitatu na tuadhibiwe kwa kuchelewa. Mtu yule alikuwa tayari kukubali, nilimwona. Lakini alimuuliza mama mara ya pili, na mama akarudia kwamba ni jana, maana ndivyo ilivyokuwa, na hakuwa na sababu ya kudanganya mbele ya serikali. Basi akapenga kamasi, akaandika polepole. Akatueleza kwamba aliyechelewa anatozwa faini na kurudi nyumbani, ila anayesema uongo ndani ya daftari, kesi yake inapelekwa kwa wakubwa Beni. Karte akaibakiza. Aliyesema uongo katika chumba kile alikuwa mmoja, na hakuwa mgeni.

Tulingoja jibu wiki mbili, na ndani ya wiki hizo mbili nyumba yangu ikaanza kuwa na mtu. Siongezi chumvi, na mimi si mtu wa kuona mizimu. Alasiri moja nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, mvua inanyesha, mama yuko jikoni, nikasikia harufu ya tumbaku. Tumbaku ya kiko, kali, ya shamba. Nilifungua mlango, hapakuwa na mtu, kijiti tu, kimekwisha kutoa jani. Kesho yake nilisikia kikohozi pale pale, kile kikohozi anachokohoa mtu mlangoni kabla ya kubisha. Nilimtazama mama. Aliendelea kusonga bugali, lakini siku ile aliweka sahani tatu, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Beni tulikaa siku mbili kwenye benchi ya mbao. Asubuhi ya kwanza mawingu yalifunguka tukaiona Rwenzori na barafu yake, na mama akanionyesha kwamba Bwera iko nyuma ya bega lile la kulia. Alionyesha kama mtu anayeonyesha mahali alipowahi kuugua. Mkubwa alitupokea dakika chache. Alisoma, akasema mama huyu arudi kwao. Mama akamwambia kwao ni pale alipomzika bwana yake. Mkubwa akapiga muhuri, akasema hilo ni jambo la kanisa.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee wanasema. Yangu ilifika mpaka Kasindi. Tulishuka na kamio, lori lililobeba mafuta ya mawese, mama ameketi mbele karibu na dereva kwa heshima ya umri, mimi juu ya mapipa. Mpakani walimpa karatasi ya kuvuka. Ng'ambo mtoto wa dada yake alikuwa anamngojea, tuliona mkono wake ukipungwa. Nilitaka kumwambia mama ukweli kabla hajavuka. Nilikuwa nimeupanga njia nzima, juu ya mapipa.

Lakini alinishika mkono, akasema yeye kwanza.

"Baba yako hakunywaka tumbaku."

Nilianza kulia. Nilimwambia kijiti nilikikata nyuma ya parokia, nilifikiri ni mpaka wa shamba.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ulikuwa umechoka, mwanangu. Nikasema sasa huyu mutu wa ile kijiti tulishamuamusha, tumupokee. Usimukatake. Na yeye hana kwake."

Nilimuuliza kwa nini basi alikwenda biro, kwa nini hakukaa kimya. Alisema hangeweza kupanda kijiti mlangoni, kumkaribisha mtu, halafu kuiacha serikali idhani yeye mwenyewe haishi hapo. Ingekuwa aibu kwa mgeni wake. Kisha akavuka. Alitembea haraka kuliko nilivyopenda.

Niliporudi nilikwenda kwenye mteremko ule. Mwanamke mmoja alikuwa analima, nikamuuliza mpaka wa mashamba uko wapi. Akanionyesha chini kabisa, kwenye mfereji. Na miti hii mitatu? Akasema hilo ni kaburi. Kuna mtu alipita hapa katika fujo za mwanzo, anatoka upande wa porini, labda Kasugho, labda mbali zaidi. Alikuwa mgonjwa, akafia njiani, wakamzika bila kujua jina. Kitu alichokuwa nacho ni kiko tu, wakakizika naye.

Sikuukata mti. Nilitaka, kuna siku nilishika panga. Lakini mama alikuwa amenikataza, na mti wenyewe ulikuwa umefika kiunoni. Nikaanza kuweka sahani ya pili. Nilisikia aibu kufanya hivyo, niliomba rozari baada ya kufanya hivyo, na nikafanya tena. Kikohozi kiliendelea. Mwaka mmoja kabla ya vita kupoa, mama alifariki Bwera, na habari ilinifikia amekwisha kuzikwa siku kumi, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Asubuhi ile ile, kabla mjumbe hajafika, sikusikia kikohozi. Nilisikia mtu amesimama mlangoni muda mrefu, kama anayetafuta maneno.

Amani ilipokuja, au kile tulichokiita amani, nikarudi Rughenda. Nilikuwa na nia moja: nikate kijiti cha kweli cha baba, nikivushe mto, nikakipande kwenye kaburi la mama. Kama yeye hakuweza kulala kando yake, basi baba ahamie kwake. Nyumba ilikuwa na watu wapya, familia ya Kiprotestanti, watu wema, walinipa chai. Niliwaomba nione nyuma.

Migomba ilikuwa imekatwa yote, na ardhi imesawazishwa. Kuzunguka lupango, kiwanja chote cha nyumba, kulikuwa na ua mzuri wa miti yetu, imepandwa kwa kufuata kamba, yote ya urefu mmoja. Baba wa nyumba alijivunia. Aliniambia walipofika walikuta mti mmoja katikati na mingine ya zamani kwenye mpaka wa jirani, wakakata vijiti kwenye yote, wakazungushia ua. Ule wa katikati waliung'oa baadaye, ulikuwa unazuia. Sikumwambia ulikuwa nini, kwa kuwa chai yake ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilizunguka ua ule mara mbili. Nilinusa majani kama mama alivyofanya. Yalinuka majani. Mwishoni nilikata kijiti kwenye mti uliokuwa karibu na pale ambapo mgomba wa mwisho ulikuwa, kwa kukadiria tu.

Pale Kasindi afisa wa mpakani aliuliza ninabeba nini na ninakwenda kufanya nini. Nilimwambia ninakwenda kwa mama, nimechelewa. Akaangalia kijiti, akanigongea muhuri.

Kaburi lake liko kwenye mteremko, ukisimama pale unauona upande wetu vizuri. Nilichimba kwa mkono, nikachomeka, nikamwaga maji kidogo. Sikuwa na maneno ya mama, nilikuwa na yangu. Nikasema: Baba, kama ni wewe, mama iko hapa, hii njo adresi. Na kama si wewe, utusamehe. Ingia tu, atakupokea. Amekwisha kuzoea.