Wivu wa Bajeti

Wanawake wenzangu walinyang'anywa waume na wasichana wa baa, na wajane wenye mashamba, na makarani wa ofisi wenye rangi ya mdomo. Wangu alichukuliwa na deni la taifa. Nikiwaambia wajukuu hivyo leo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wakati ule mimi sikucheka hata kidogo. Nilikonda mpaka gauni la kanisani likanipwaya.

Tulikuwa tunakaa Eldoret, kwenye ploti ya nyumba za mstari, mlango ukitazamana na mlango, bomba moja katikati ya ua. Mume wangu alikuwa karani katika yadi ya serikali ya matingatinga na magreda ya barabara. Sisi wawili tulitoka upande wa ziwa, na yule Mwalimu aliyehamia nyumba ya mwisho alitoka huko huko. Alikuwa mwanamke mrefu, hana mume, anafundisha mambo ya biashara na uchumi katika shule ya wasichana. Mwanzoni nilimpenda. Nilimpelekea mboga ya mrenda siku aliyoshusha vitu, nikamwonyesha mama anayeleta makaa mazuri kutoka Kaptagat.

Kisha mume wangu akaanza kwenda kwake kusoma gazeti.

Mwalimu peke yake ndiye aliyenunua gazeti kila siku pale kwetu. Jumamosi mchana mume wangu akishakula alijipangusa mdomo, akavaa shati safi, akavuka ua. Shati hilo ndilo lililonikata maini. Shati la nini, kama ni gazeti? Pazia la Mwalimu lilishushwa, na mara redio yake ikapandishwa sauti, salamu na nyimbo, utadhani kuna arusi. Jioni mtu wangu alirudi macho yakiwaka, akakaa kwenye kiti chake, akanyamaza.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nilimuuliza.

"Ah, mambo ya gazeti tu."

"Mambo gani?"

"Ya serikali. Hutapenda."

Aliyeishi miaka ile anajua kwamba redio iliyopandishwa sauti haikuwa lazima iwe ya mapenzi. Chama kilikuwa kimoja, na kijana mmoja wa chama alikuwa amepanga chumba cha getini, mahali anapoona kila anayeingia na kusikia kila anayekohoa. Watu walipandisha redio hata wakitaka kulalamikia bei ya sukari. Yote hayo niliyajua. Lakini nyimbo zile zikianza nilisahau siasa, nikabaki na lile shati. Nilikuwa na watoto wanne, sina kazi wala shamba la jina langu, na mtu huyo ndiye niliyekuwa naye Eldoret nzima. Isitoshe nilimpenda, tena sana, na niliona dhahiri kwamba yanayomfurahisha duniani anayapeleka nyumba ya mwisho.

Jumamosi moja nikaamua yaishe. Nilichukua kikombe cha kuombea chumvi, ingawa chumvi ilikuwa imejaa jikoni, nikavuka ua nikaingia kwa Mwalimu bila kupiga hodi. Nilitarajia kuwakuta kitandani. Niliwakuta mezani. Gazeti limetandazwa katikati, na mume wangu amesimama, kidole juu, jasho kwenye paji la uso.

"Hapana, Mwalimu! Hapo umepotea kabisa!"

"Nimepotea wapi?" Mwalimu naye akapiga meza. "Nieleze! Nimepotea wapi?"

Waliponiona, mume wangu akashusha kidole. Mwalimu akafunua ukurasa wa wanariadha haraka haraka, akasema karibu mama, uko sawa? Nikasema nimekuja kuomba chumvi. Akanijazia kikombe.

Nilirudi na ile chumvi, nikaimimina juu ya chumvi yangu. Katika maisha yetu yote mume wangu hakuwahi kubishana nami. Nikisema watoto wahamishwe shule, sawa. Nikisema twende nyumbani Desemba, sawa. Nikisema tusiende, sawa vilevile. Wanawake wengine pale kwenye bomba walikuwa wakinisifia mume mpole. Mimi sasa nilikuwa nimeona kidole kile hewani, na jasho lile, na nikajua kwamba kwangu alikuwa anapitisha siku tu.

Aliporudi nilimwambia kama anamtaka abebe nguo zake aende, si mbali. Akacheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka, akafunga dirisha na kuvuta kigoda karibu yangu.

"Mama watoto, unajua yale magreda mapya iko kwa yadi?" alisema kwa sauti ya chini. "Imekuja kwa mkopo, ya ng'ambo. Sasa imesimama tu, hakuna dizeli, hakuna spea. Ile barabara ya ndani huko Cheptiret hatujagusa hata mita moja. Lakini deni inalipwa. Na ya kulipa hiyo deni, serikali inakopa ingine. Kila mwaka inatumia pesa haina."

"Na hiyo ndiyo inakuvalisha shati safi?"

"Hiyo ndiyo tunaongea, haki ya Mungu."

"Kwa nini na yeye?"

"Mwalimu anaelewa."

Heri angenipiga kofi. Heri ningewakuta wamekumbatiana, kwa sababu hapo ningejua pa kuanzia. Ningepiga nduru, ningepanda basi kwenda kwa mama yake, wazee wangekaa kikao na faini ingetolewa. Lakini nani anaenda kwa wazee kushtaki kwamba mume wake anaelewana na mwanamke mwingine kuhusu mikopo ya serikali? Wangeniuliza kama nina malaria.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Sikutaka kukusumbua," alisema, kwa upole wake ule ule.

Usiku huo sikumpa mgongo tu, nilihamia upande wa watoto. Neno moja likimfikia yule kijana wa getini, mume wangu angepoteza kazi, au angechukuliwa tusijue alikopelekwa. Alijua hatari hiyo kila alipofungua mdomo, na bado aliufungua mbele ya Mwalimu. Mimi, niliyemzalia wanne, alinilinda. Nilimchukia Mwalimu kwa hilo kuliko ningemchukia kwa jambo lingine lolote.

Asubuhi nikajiambia kwamba kama ni kuelewa, nami nina kichwa. Nilianzia dukani, kwa Mzee mmoja Msomali mwenye ndevu za hina, ambaye lori lake lilimletea bidhaa kila wiki. Nilimuuliza kwa nini bei inapanda kila nikifumba jicho. Alitazama mlangoni kwanza.

"Mama, serikali ikikosa pesa inakopa," alisema. "Ikikopa sana, shilingi inakonda. Mimi naagiza kitambaa ileile, nalipa zaidi. Wewe unanunua ileile, unakuja kunililia mimi."

Nilimshukuru nikanunua kiberiti. Mwezi wa Juni Waziri aliposoma bajeti redioni, niliwafukuza watoto nje, nikakaa na sinia la maharagwe la kuchambua, nikamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Nusu haikuniingia. Nusu iliyoniingia ilinitosha: serikali ilipanga kutumia zaidi ya itakachokusanya, na pengo hilo, aliloliita nakisi, lingezibwa kwa kukopa ndani na nje. Yale maharagwe yalipikwa na mawe yake.

Jumapili iliyofuata nilichinja kuku. Watoto walikuwa wamebaki kanisani kwa mafunzo yao, nyumba kimya. Nikampakulia mume wangu, na juu ya sahani yake nikaweka firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke haigusi, na wapo waliorudishwa kwao kwa sababu yake. Nikangoja amege tonge la kwanza.

"Hiyo nakisi ya mwaka huu," nikasema, "wataziba na mkopo tena."

Tonge liliishia njiani. Akanitazama, akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la kumpa mtoto aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ulisikiza bajeti! Sasa ngoja nikueleze pole pole. Serikali ni kama nyumba. Wewe unga ikiisha unakopa kwa duka, si ndiyo? Mwisho wa mwezi tunalipa. Sasa ukikopa kushinda mshahara..."

Mimi ndiye niliyekuwa nikikopa unga huo. Yeye hata rangi ya mlango wa duka hakuijua. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Si kama nyumba!" nikasema. "Wacha kunidanganya! Mimi nikikopa unga, naikula mimi na watoto wangu. Nikishindwa kulipa, Mzee wa duka ananinyima, na aibu ni yangu. Hao wanakopa, wanakula wao, halafu mwenye atadaiwa ni mtu hajazaliwa. Hiyo si kukopa. Hiyo ni kushika kidole ya mtoto amelala, unapaka wino, unaweka kwa karatasi ya deni!"

Tonge alilirudisha kwenye sahani. Akanikazia macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu niliona jasho dogo likitokeza kwenye paji lake la uso, kwa ajili yangu. Nikangoja ainue kidole. Nikangoja aniambie nimepotea kabisa, nami nimuulize nimepotea wapi, tubishane mpaka watoto warudi. Nilikuwa na maneno mengine tayari.

Akapiga paja.

"Mama watoto! Hiyo! Hiyo lazima Mwalimu asikie!"

Akainuka na malapa yake, mkono una mchuzi, akatoka bila hata kurudisha mlango. Nilimwona akivuka ua karibu kukimbia. Nilimsikia akipiga hodi, na Mwalimu akimkaribisha, na yeye, hata kabla hajaketi, akianza kwa sauti iliyojaa furaha: "Mwalimu, sikiza, kuna kitu nimefikiria..."

Nikavuta sahani yake. Firigisi ilikuwa bado ina moto. Niliila yote, mlango ukiwa wazi.