Chuo kilichukua baiskeli yangu ya mizigo, kikanirudishia kivuli

Wakuu, salamu kutoka Bwera, Uganda, hapa mpakani kabisa na Congo.

Haya sikusimuliwa na mtu, yamenipata mimi mwenyewe. Anayebisha ashuke Mpondwe siku ya soko aulize Bwambale wa baiskeli. Hata mbwa watamwonyesha.

Kwanza mnijue. Polio ilinipata miguuni nikiwa mdogo. Shule niliishia la tatu. Lakini nyumba ya matofali ninayo, watoto wanasoma, na mke namlisha vizuri mpaka ndugu zake wamehamia kwangu.

Yote hayo yametoka kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedali kwa mikono. Nyuma nimefunga sanduku la chuma. Hapa kwetu sisi walemavu ndio tunavusha mizigo ya wafanyabiashara kwenda Kasindi, upande wa Congo. Watu wakiona miguu yangu wanasema pole. Wakiona mabega yangu wananyamaza.

Mteja wangu mkubwa ni Madame Kavira, mama wa Butembo. Sabuni, mafuta ya kupikia, vyote nabeba mimi. Ukikosa kumbebea siku moja tu ya soko, ameshapata mwingine. Huyo mama hajui kusubiri.

Basi chuo kikuu fulani kikaja, jina naliacha. Eti projekti ya jamii, huduma kwa walemavu. Mahema, spika, fulana mpya zimeandikwa TUKO PAMOJA. Mkubwa wao anaitwa Dokta, lakini si wa sindano.

Dokta akanishika bega. "Mzee wetu, umeteseka sana."

"Nimeteseka na nini?"

"Na hicho chuma." Anaonyesha sanduku langu! Watu wakapiga makofi.

Nikapewa kiti cha magurudumu kinang'aa kama sahani ya harusi. Nikapigwa picha mpaka mashavu yakauma. Baiskeli wakasema wanaipeleka karakana yao Kasese kuikarabati, itarudi kabla ya soko.

Nikakubali. Kitu cha bure, wakuu, nani anakataa?

Kile kiti kwenye sakafu ya vigae ni kizuri sana. Kwenye barabara yetu ya vumbi, vigurudumu vya mbele vilizama kwenye mfereji mbele ya kanisa. Nikakaa pale kama askofu anayesubiri maandamano. Waumini wanapita wananisalimia tu.

Asubuhi ya soko lori lao likafika. Wakashusha baiskeli yangu.

Imepakwa rangi ya bluu. Kiti kina godoro. Juu kuna paa la turubai lenye nyuzi za kuning'inia, kama kitanda cha bibi harusi.

"Sanduku liko wapi?"

Dokta anacheka kwa furaha. "Tumekupunguzia mzigo, Mzee! Sasa utapumzika kivulini."

Madame Kavira alikuwa amesimama pale na makatoni yake. Akaizunguka baiskeli, polepole.

"Papa Bwambale, sabuni yangu itakaa wapi? Mu kivuli?"

Soko zima likacheka.

"Mi naita mutu mwingine," akasema. Na mwenye baiskeli mwingine alikuwa ameshaanza kuja, mshenzi yule.

Wakuu! Niliiona nyumba yangu inaondoka tofali kwa tofali.

Hapo msichana mmoja wa chuo, Masika, anatembea kwa magongo, akasema kwa sauti: "Dokta, nilisema lile sanduku lisiguswe. Mkaniambia nikae mbele nipigwe picha."

Kisha akanigeukia mimi.

"Liko ndani ya lori, chini ya mahema. Nililificha mimi."

Nikaanza kutoa amri kama afande. Wewe, spana! Wewe, ng'oa hilo paa! Dokta nikamwambia ashike sanduku wakati linafungwa. Kutu yote ikahamia kwenye fulana yake ya TUKO PAMOJA.

Madame Kavira akalitazama lile paa chini. "Hii kivuli, mi nabeba." Mpaka leo liko juu ya meza yake Kasindi. Makatoni yakapanda kwangu.

Sasa nisiwe mwongo. Zamani kwenye mteremko wa kwenda mpakani, breki yangu ilikuwa kipande cha tairi nakandamiza kwa kiganja. Siku ile nikakuta mkono wa chuma pembeni. Nikavuta. Baiskeli na sabuni zote zikasimama kimya.

Nikawageukia wale wa chuo, walikuwa wananifuata nyuma. "Hii nani ameweka?"

"Mimi," Masika akasema. "Niliona kiganja chako."

Mtu mmoja tu katika chuo kizima aliangalia mkono wangu. Wengine wote waliangalia miguu.

Kile kiti kipo sebuleni, shemeji anakalia akitazama mpira. Na nasikia picha yangu iko ukutani kwao Kasese, imeandikwa: Maisha yake yamebadilika.

Ni kweli. Nina breki.

Somo langu ni fupi: ukitaka kunisaidia, niulize kwanza nafanya kazi gani.

Haya, nyinyi mliowahi kusaidiwa kwa nguvu, semeni hapa chini mlinyang'anywa nini. Na wale wa chuo kama mnasoma, njooni mnitukane, natumia simu yangu mwenyewe, si ya msaada.