Siku Niliposhindwa Kusoma Jiwe

Nimepasua mawe ya Mwanza tangu ndevu hazijaota. Shule niliishia darasa la tatu, na sijamwomba mtu radhi kwa hilo. Ukiona nyumba imekaa juu ya mwamba kama kuku juu ya mayai, ujue kuna mtu aliitengenezea pa kukaa. Huenda mtu huyo ni mimi.

Binti yangu, mwalimu wa Kiingereza huko Buzuruga, alipata kiwanja mlimani Pasiansi. Katikati yake palikuwa na jiwe refu kuliko lori, limeinamia bonde, na bondeni kuna nyumba za watu. Jiwe la namna hiyo likipasuka vizuri hulala pale pale. Likipasuka vibaya hushuka, wala halibishi hodi.

Sisi wapasuaji tuna desturi. Kabla ya kuliwashia jiwe moto ili lipasuke, mkubwa wa kazi hulisoma. Hulaza sikio juu yake, akagonga kwa nyundo ndogo mpaka ajue mshipa, ule ufa wa ndani, unapita wapi. Hakuna anayewasha kibiriti kabla mkubwa hajasema. Miaka yote mkubwa nimekuwa mimi. Lakini tangu masika yaliyopita sikio la kulia limekufa, na la kushoto linasinzia. Binti yangu aliliona hilo kabla mimi sijalikubali.

Jioni moja nilimkuta kibarazani kwake anasahihisha mitihani. Nikamuuliza, "Mama, kazi kama yangu Waingereza wanaiitaje?"

"Wana maneno mengi, baba. Kuna 'craft'. Zamani lilikuwa na maana ya nguvu."

"Nguvu? Basi waliolitunga hawakushika nyundo. Mwenye nguvu huvunja mpini."

Akacheka. "Kuna 'expert', yaani bingwa. Limetoka Kilatini, kwenye kujaribu. Bingwa ni yule aliyekwisha kuyajaribu mambo. Na wana neno lingine, 'peril', yaani hatari, limetoka kwenye shina hilo hilo."

Hilo nikalikubali. Nina kidole kimoja pungufu, chenyewe ni shahidi.

"Na 'skill'? Hilo nalisikia redioni kila siku."

"Hilo waliletewa na watu wa kaskazini, wa nchi za baridi, waliowavamia kwa mashua. Kwao lilikuwa kutenganisha. Kujua kwamba hiki si kile."

Watu hudhani kazi yangu ni kutenganisha mwamba na mwamba. Kabla ya hapo natenganisha mlio na mlio. Jiwe zima hulia kama kengele ya kanisa. Palipo na mshipa, hukohoa. Wale watu wa baridi walinielewa kuliko majirani zangu.

"Baba," akasema, macho kwenye karatasi zake, "jiwe langu utalisoma wewe?"

"Kuna nani mwingine?"

"Kule bondeni kuna watoto."

"Unanifundisha kazi?"

"Sithubutu, baba. Nauliza tu."

Kesho yake asubuhi nililaza sikio juu ya jiwe. Nikagonga. Nikasogea, nikagonga tena. Mlio ule ule. Nikazunguka upande wa pili. Mlio ule ule, wa mbali, kama mtu anayetwanga kijiji cha jirani. Wapasuaji walikuwa wananingoja, matairi ya kuwashia moto tayari. Ningeweka alama popote, nani angebisha?

Nikainuka. "Sisikii tofauti," nikasema, kwa sauti, ili wote wasikie.

Alikuwepo mmoja niliyemfunza mwenyewe, sasa ana mvi zake. Nikampa nyundo. "Wewe uliyekuwa unakimbia moshi, soma."

"Mbele yako, mzee?"

"Mbele yangu. Au unangoja nife kwanza?"

Akasoma. Alama akaiweka mbali na pale ambapo ningeiweka mimi. Niliuma ulimi. Kisha nikashuka bondeni kuwatoa watu majumbani. Bibi mmoja akagoma kuacha beseni lake la dagaa, nikambebea.

Moto uliwaka hadi mchana. Jiwe lilipopasuka sikulisikia. Niliona nyuso za watu zinashtuka. Nilipogeuka, lilikuwa limefunguka katikati, vipande viwili vimelala pale pale, vumbi likitua.

Yule mwanafunzi wangu akashuka, jasho na masizi. "Mzee, kipande cha chini tuendelee nacho leo, au kipoe kwanza?"

Binti yangu, aliyekuja kuona jiwe lake likipasuliwa, alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama.

"Umelisoma wewe," nikamwambia. "Amua wewe."

Akapanda kwa wenzake, akaanza kuwapangia kazi.